Zimwi Lililonunua Nyimbo za Bi Mwanakheri

Sogeeni karibu, jamani, mnipe masikio.

Palikuwa na mtunzi wa nyimbo, Bi Mwanakheri. Zimwi likamjia na kibuyu, likanunua wimbo wake wa harusi kwa mbuzi. Likarudi, likanunua wimbo wa kulimia kwa ng'ombe. Mara ya tatu likanunua wimbo wa kubembelezea watoto, kwa shamba zima. "Wanangu wamekua," alijiambia. Kila wimbo uliingia kibuyuni, naye hakuweza tena kuuimba.

Mwaka uliofuata binti yake akajifungua. Mtoto akalia kutwa nzima. Bibi akafumbua kinywa ambembeleze, sauti haikutoka. Akambeba mpaka kwa zimwi.

"Nirudishie wimbo, uchukue shamba lako."

"Siuzi. Sasa ni wangu."

"Basi mwimbie wewe," akasema, akaliwekea mtoto mapajani.

Zimwi likashtuka, kisha likaimba kwa sauti ya kukwaruza. Mtoto akalala. Bi Mwanakheri, kusikia maneno yake kinywani mwa mwingine, akatokwa na machozi.

Zimwi likanong'ona, "Na kesho je?"

"Kesho atalia tena. Nitamleta."

Akampeleka kila siku, hata mtoto akaushika wimbo wote, akawa anamwimbia bibi yake.

Nami nilichokuwa nacho ndicho hicho, nimekimaliza.