Jitu la Golini na Baba wa Pembeni

Wapendwa, hebu tumwangalie baba mmoja aliyepewa kazi ya kutazama filamu.

Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja kule milimani Upare. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanafunga mwaka, na mwalimu wao alitaka kuwaonyesha filamu ya kuchekesha: timu ya watoto wanyonge inacheza mpira na timu ya majitu. Wazazi wakaanza kunong'ona. Ati golini kuna jitu lina meno kama majembe! Watoto watalala kweli? Basi wakamwambia yule mzee, "Wewe malezi unayajua. Itazame kwanza, halafu utuambie."

Ungekuwa wewe, mama, ungeipimaje?

Yule baba aliwaza vizuri. Akasema moyoni, mimi na mvi zangu jitu litanitisha wapi? Akamwita binti yake Nakijwa, wa darasa la tatu, mchezaji wa timu ya shule. Baba akageuza kiti chake ili amtazame mtoto badala ya filamu.

Jitu likatokea. Likanguruma, likaumeza mpira mzimamzima. Baba akakaza macho. Nakijwa alicheka mpaka akagaagaa kwenye mkeka! Majitu yakapiga miguu chini, uwanja ukapasuka. Mtoto anatafuna karanga zake tu.

Mara mtoto mmoja wa ile timu nyonge akakosa penalti. Pembeni ya uwanja akatokea baba yake, mtu wa kitambi, akirukaruka: "Kichwa maji wewe! Umeniaibisha!" Akavua kofia, akaitupa, akaikanyagakanyaga. Hapo mzee wetu alishindwa kujizuia. Aligeukia filamu, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Alipomrudia Nakijwa, alikuta amejifunika kitenge gubigubi.

"Mwanangu, mbona umejificha? Jitu si limeshaondoka?"

"Najua, baba."

"Sasa unaogopa nini?"

Sauti ikatoka ndani ya kitenge: "Huyo mtoto akirudi nyumbani, baba yake atamfanya nini?"

"Atamfanya nini? Ni vichekesho tu hivyo."

"Na mimi siku ile nilikosa penalti. Ulinifokea mbele ya watu. Halafu njia nzima hukunisemesha. Nilidhani hunitaki tena."

Yule baba alizima filamu. Kicheko kilimkauka. Siku ile, kwa hesabu yake, alikuwa anamtia mtoto moyo wa ushindani. Akauliza polepole, "Nakijwa, mpaka leo unaniogopa?"

Mtoto akafunua jicho moja. "Ukija uwanjani, ndiyo."

Jumapili, baada ya ibada, wazazi wakamzunguka. "Enhe, mzee, jitu linatisha?"

"Jitu halina neno. Waonyesheni watoto, wacheke. Ila mle ndani kuna baba mmoja anayemfokea mwanawe. Huyo ndiye aliyemtisha binti yangu, kwa sababu anafanana na mimi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja aliinamia viatu vyake. Mwingine akaenda kumtafuta mwanawe nje.

Ndugu zangu, sisi tu hodari wa kulinda mlango. Tunakagua filamu, tunaficha simu, tunauliza mtoto kaona nini kwa jirani. Vema, tuendelee. Lakini nani anaikagua sauti yangu mimi mezani, mchuzi ukiwa umemwagika? Nani anaukagua uso wako wewe, matokeo ya mtihani yakija? Jitu la filamu likizimwa limekwisha. Sisi hatuzimwi. Sisi tunakaa nao nyumba moja.

Leo ukifika nyumbani, keti karibu na mwanao, umwulize: "Kuna wakati unaniogopa?" Kisha nyamaza, baba. Nyamaza, mama. Usijitetee. Mwache amalize.