Kibuyu cha Kuwekea Hofu

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa, maana sirudii.

Kulikuwa na kijiji ambako mvua ilisahau miezi yake, na watu wakakosa usingizi kwa wasiwasi wa mwaka ujao. Akaja mgeni na kibuyu. "Pulizeni hofu zenu humu," akawaambia. Wakapuliza, wakalala fofofo.

Mjane mmoja, Namkunda, hakumwamini. Mtu gani huyu anayebeba mizigo ya watu na haombi hata maji?

Mgeni akapiga hodi kwake. "Mama, nipe hofu yako."

"Bado naitumia."

Kesho yake akarudi, akajibiwa vilevile. Namkunda akaenda kwa shemeji yake. Juu ya mafiga, mahali mbegu hutundikwa zipate moshi zisiliwe na wadudu, hapakuwa na kitu.

"Mbegu ziko wapi, shemeji?"

"Tumekula. Kwani kuna cha kuogopa?"

Siku ya tatu, mgeni alipoinama kufungua kibuyu, Namkunda akaona mdomo wa pili kisogoni, unadondosha mate. Kumbe ni zimwi, linangoja njaa iwalegeze. Akakinyakua kibuyu, akakipasua kwenye jiwe. Hofu zikarudi, kila moja kwa mwenyewe. Watu wakaamka wakilia, na zimwi lilipoona kijiji kizima kiko macho, likakimbia.

Namkunda akateremsha mbegu zake, akagawa konzi moja kwa kila nyumba. "Lieni," akasema, "lakini mkiwa na jembe mkononi."

Zimwi halijafa, na vibuyu vipo vingi. Nimemaliza. Kabla ya kulala, kila mtu atazame juu ya mafiga yake.