Farasi Aliyeogopa Kuitwa

Bwana mmoja alinunua farasi jike wa kuvuta mkokoteni wa maziwa. Aliyemuuzia akamwambia, "Huyu hakufunzwa kwa fimbo, kafunzwa kwa mdomo. Ukisema simama, anasimama. Ukisema njoo, anakuja hata akiwa mbali. Ila usiyachafue maneno hayo."

Bwana akacheka. Maneno nayo huchafuka? Ngojeni.

Siku moja farasi akakata kamba, akaenda kula mahindi ya jirani. Bwana akaita kwa sauti ya asali, "Njoo, mama, njoo." Farasi akaja mbio. Bwana akamshika hatamu, akamcharaza mpaka mkono ukachoka.

Mkewe alikuwa mlangoni na ungo wake. "Baba watoto, unampigia nini?"

"Katoroka."

"Alipotoroka hukumpiga. Umempiga aliporudi."

"Wewe pepeta mchele wako."

Ikawa ndio mtindo. Akitoroka, njoo. Akifika, fimbo. Farasi akaanza kuja kwa kusitasita, kisha akawa haji mpaka afuatwe.

Masika yakaingia. Farasi alikuwa akila majani kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, maji yakashuka kutoka mlimani. Upande wa bwana bado palivukika. Bwana akapiga ukelele, "Njoo! Njoo, mama! Leo sikupigi!"

Farasi akasimamisha masikio. Neno lile alilijua vizuri. Akageuka, akakimbilia upande wa pili, kwenye maji mengi.

Mkokoteni ule sasa kuku wanautagia. Na bwana anasemaje? "Farasi mjinga yule!"

Mnacheka. Haya, chekeni mmalize.

Yule binti wa kwaya aliyepata mimba, nani alimwita? Si sisi? Tulimtumia akina mama: "Njoo, mwanetu, hapa ni kwenu." Akaja. Tukamsimamisha mbele na tumbo lake aungame, kisha tukamkalisha benchi la nyuma. Aliyempa mimba alikuwa papo hapo, anapitisha kapu la sadaka.

Juzijuzi uchungu ulimshika akiwa peke yake, kajifungia ndani. Tukagonga mlango. Tukaita kwa sauti ile ile ya asali, "Mwanetu, fungua, njoo kwetu." Hakufungua. Mlango ulipovunjwa, kazi ilikuwa imekwisha.

Alhamisi tumemzika na kichanga chake. Na pale kaburini nimewasikia mkinong'onezana, "Maskini, labda hakutusikia."

Alitusikia. Alitusikia vizuri sana.