Sindano Mbili za Bi Mwanahamisi

Sogeeni, na mwenye la kubisha aliweke kwanza. Mwishoni nitamtafuta mwenyewe.

Alikuwapo Bi Mwanahamisi wa Chumbageni, mshonaji wa kofia za mkono. Idi ikikaribia, wanaume walibishana barazani kwake nani apate yake mapema. Mungu alimjalia watoto watatu. Rukia alikuwa na mkono wa kupika, Hemedi ana ulimi wa kumlainisha yeyote, na Kibwana, kitinda mimba, ana mkono mwepesi na maneno mazito.

Bi Mwanahamisi alikuwa na kisukari cha ukubwani. Vidonge hakukosa kumeza, lakini alianza kukonda na kiu haimkatiki. Alijua kinachokuja, akaogopa neno moja tu: sindano. Mtaani kwao ilisemwa anayeanza sindano ya kisukari ameanza kuaga. Mtu aliyeshika sindano tangu utotoni, leo anaikimbia sindano!

Basi kliniki ikikaribia, alimwita Rukia. "Mwanangu, nifaulishe."

Rukia akaficha mchele, akampikia mchicha na uji mwepesi usio na kitu mpaka siku ya kipimo. Kidole kikatobolewa, sukari ikaonekana imeshuka, muuguzi akampongeza. Mama na binti wakarudi wakicheka kama wanafunzi walioibia mtihani. Siku hiyo hiyo Rukia akapika wali wa nazi.

Wakaendelea hivyo hadi alipokuja daktari mpya, akashuku. Akaagiza kipimo cha damu kinachoeleza sukari ilivyokwenda miezi mitatu, si siku tatu.

"Mama, vidonge unameza vizuri, ila havitoshi tena," alimwambia. "Tuanze sindano za insulini."

Bi Mwanahamisi akamgeukia Hemedi. "Nisemee, baba."

Hemedi akasema, na maneno anayo! Aliomba muda, akaapa kwamba mama atabadili chakula, akamchekesha daktari, akamsifia hata viatu. Daktari akakubali kwa shingo upande: warudi mwezi ujao. Hawakurudi.

Kibwana alikuwa amejifunza kwa muuguzi namna ya kuchoma. Akampigia mama magoti. "Mama, hujashindwa wewe. Vidonge ndivyo vilivyoshindwa. Niache nikuchome."

"Unanitakia kifo, Kibwana?"

"Haya, baki na kisukari chako!" Akafunga mzigo akahamia Pangani, hata simu hakupiga.

Asubuhi moja Bi Mwanahamisi alishindwa kutunga uzi. Akaulaumu uzi, akaubadili. Akailaumu sindano, akaibadili. Ukungu ukabaki machoni. Hospitali wakamwambia sukari imeharibu mishipa ya macho, na kilichopotea hakirudi.

Kibwana aliposikia alirudi mbio. Safari hii mama hakukataa. Kibwana akamchoma tumboni, na mama akauliza ataanza lini.

"Nimeshamaliza, mama."

Wiki chache tu, kiu ikakata, mwili ukarudi. Hapo ndipo Bi Mwanahamisi alipolia kwa uchungu. "Kumbe ndiyo hii? Hii tu?"

Imebaki kofia moja, ya mwisho mkononi mwake. Pembeni imekamilika, juu bado. Akawaita wanawe, akasema atampa yule aliyempenda kweli. Rukia akaitaka kwa ajili ya mumewe.

"Nilikupa ulichoniomba, mama," alisema.

"Nilisema ulichonituma," alisema Hemedi.

"Mimi peke yangu nilikwambia kweli," alisema Kibwana.

"Ukaniachia hiyo kweli, ukaenda zako," mama akamjibu.

Kisha akaipapasa kofia, tundu kwa tundu, mpaka vidole vikafika pale uzi ulipokatikia. Akasema polepole, "Na mimi niliyewatuma, je?"

Kofia ingali mapajani pake.

Haya, wewe uliyeweka ubishi wako, utoe sasa. Kofia ni moja, na aliyeishona hataimaliza tena. Je, wewe ungemvisha nani?