Kwa Nini Kigoda Kina Miguu Mitatu na Tena Ni Kifupi

Kigoda mlichonikalisha hapa kina miguu mitatu. Mmekiona tangu mlipozaliwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza mguu wa nne ulikwenda wapi. Mnapita mnakipiga teke, basi. Haya, tulieni niwaambie, na wewe unayechezea mkeka, acha kuufumua.

Wakati huo huku milimani hapakuwa na kitu chenye miguu isipokuwa watu na wanyama. Watu walikalia magogo. Fundi wa kukuuzia samani hakuwepo. Mwanamume akioa alijenga nyumba yake mwenyewe, na vya ndani akavitengeneza mwenyewe: kitanda cha fito, mlango, kinu, uchaga wa kukaushia mahindi juu ya moto. Chochote kilichokatwa kwa chuma kilikuwa cha mume. Chochote kilichopakwa kwa kiganja kilikuwa cha mke: kuta, sakafu, na yale maua ya udongo mwekundu na mweupe yanayouzunguka mlango. Mwanamume hakutia mkono kwenye udongo wa sakafu, angechekwa mpaka na wajukuu zake. Mwanamke hakugusa tezo, lile shoka dogo la kuchongea. Walisema nywele zake zingedondoka zote. Nani aliyewahi kuziona zikidondoka? Hakuna, kwa sababu hakuna aliyejaribu. Wala mume hakumuuliza mke habari za sakafu, wala mke hakumuuliza mume habari za mbao. Hiyo ndiyo waliyoiita heshima.

Na nyumba haikuitwa nyumba mpaka mama wa mke aje aikalie. Alikuja, akaketi, akapewa bakuli la uji wa moto. Akiumaliza bila kumwaga tone, nyumba imekuwa nyumba na ndoa imekuwa ndoa. Akimwaga, anasimama, anakung'uta nguo yake, anaondoka na binti yake. Mume abomoe, ajenge upya, ndipo aende kuomba tena.

Sasa alikuwepo kijana mmoja, Senzighe. Alikuwa hodari wa mikono, na alijijua kupita kiasi. Alimwoa Naetwe, binti ya Nakiete, na Nakiete alikuwa mwanamke ambaye hata jua likichomoza angeuliza lilichelewa wapi. Dada mkubwa wa Naetwe alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani, kwa sababu gogo alilopewa mama yake lilibingirika kidogo, uji ukamwagika. Tangu hapo yule dada alikuwa jikoni kwa mama yake akichambua maharage, na mumewe alikuwa akijenga upya polepole, kama mtu asiye na haja. Naetwe alikuwa na haja na mume wake. Hakutaka kwenda kuchambua maharage.

Senzighe alichimba kiwanja chake kwenye mteremko, kama wote, maana huku tambarare tunaisikia tu. Akasimamisha nguzo, akaezeka, akatengeneza kitanda na mlango. Naetwe akakandika kuta, akasiriba sakafu kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akailainisha kwa jiwe mpaka ikang'aa. Ilipofika zamu ya kiti, Senzighe akakataa kukata gogo. Alikuwa ameshuka nyanda za chini kubadilisha maharage kwa chumvi, akamwona huko mtu mkubwa ameketi juu ya ubao wenye miguu minne, kama aliyempanda mbuzi.

"Mama yako hatakalia gogo kama chura," alimwambia mkewe. "Gogo linabingirika. Chenye miguu minne kitabingirikaje?"

"Mama amekalia magogo maisha yake yote na hajawahi kulia kama chura," Naetwe akamjibu. Lakini moyoni alifurahi, kwa ajili ya yale maharage.

Senzighe akakata mti wa mringaringa. Akachonga ubao wa duara, akachoma matundu kwa chuma cha moto, akachomeka miguu minne. Kazi yote aliifanyia uani, nyuma ya nyumba, juu ya jiwe moja la bapa. Kiti kikasimama juu ya lile jiwe, kikatulia tuli. Akakikalia, akajigeuza huku na huku, hakikutikisika. Akakiingiza ndani, akakiweka chini ya ukuta wenye maua mazuri kuliko yote, akakikalia.

Kikacheza.

Akakitoa tena mpaka kwenye jiwe. Kimetulia. Akakirudisha ndani. Kinacheza. Akasimama pale mlangoni amekishika mkononi, akikitazama kwa chini kama mtu anayetafuta kupe kwenye mbuzi. Mtasema si angeitazama sakafu. Angeitazama vipi? Sakafu haikuwa yake. Akaamua mguu mmoja ni mrefu, na asubuhi akakipeleka uani akaupunguza.

Ila Naetwe naye alikuwa amekikalia, Senzighe alipokwenda kufunga mbuzi. Alikiona kiti kile kimetulia kwenye jiwe kwa macho yake, kwa hiyo kosa halikuwa la mbao. Kosa lilikuwa la sakafu yake. Akaona aibu, akanyamaza. Asubuhi ile ile, mume akiwa uani na tezo, mke ndani alikoroga udongo akapandisha pale mahali palipobonyea. Alisikia tezo ikigonga, akajua mume anatia nakshi. Mume aliona udongo mbichi, akajua mke anapamba nyumba kwa ajili ya mgeni. Jioni kiti kikarudi mahali pake, na kila mmoja akakitazama kwa pembe ya jicho, akingoja kutulia kwake.

Kikacheza. Safari hii upande wa pili.

Hapo ndipo akili zilipoanza kuwatoka. Senzighe alipunguza mguu wa upande wa pili, na Naetwe akapandisha udongo wa upande wa pili. Kikarudi kucheza upande wa kwanza. Wakarudia. Jioni walikula wakitazamana kwa adabu, kila mmoja akiogopa mwenziwe atagundua. Senzighe alipima miguu yote kwa kamba, akaiona sawa. Akaiweka sakafuni, haikuwa sawa. Akafikiri mti haujafa. Akafikiri mguu mmoja bado unakua. Akakitundika kiti juu ya moshi ili mti ufe kabisa, akakishusha kikiwa cheusi na kinanuka kama kambale, kikacheza vile vile.

Akaenda kwa jirani yake, mzee Kisaka, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu na nyumba inayovuja.

"Uliuomba mti ruhusa kabla ya kuukata?" Kisaka akamuuliza.

"Niliuomba."

"Kwa sauti?"

"Kimoyomoyo."

"Basi haukusikia. Umekata mti ambao mpaka sasa haujui kama umekatwa."

Senzighe akarudi nyumbani, akakiinamia kiti, akakiambia kwa sauti kwamba kimekatwa. Naetwe alimsikia akiwa jikoni. Akakaa chini palepale, mwiko mkononi. Yeye alikuwa amekwisha kuamini kwamba mlima unageuka, kama mtu anavyojigeuza kitandani, na sakafu inageuka nao. Sasa akaona mume wake anaongea na kiti. Hakujua kipi kimeharibika: mlima, mume, au yeye.

Na kiti kilikuwa kinazidi kuwa kifupi. Kilianza kikiwa kimo cha mbuzi. Kikawa kimo cha kuku. Na sakafu chini yake ilikuwa imeota vichuguu, ukipita bila kuangalia unajikwaa.

Wakiwa katika hali hiyo, Nakiete akafika. Alikuja kabla ya wakati, maana alipenda kuwakuta watu walivyo.

Mkwe mwanamume na mama mkwe hawakuonana uso kwa uso siku zile, wala hawakusemezana. Mama akiingia, mkwe anatoka. Senzighe akatoka, akajibanza uani nyuma ya ukuta, pale alipofungwa mbuzi. Nakiete akaingia, akatazama paa, akatazama maua ya ukutani, akaguna, na guno lile kwake lilikuwa sifa. Kisha akaona kiti.

"Hiki ni kiti au ni mfuniko wa chungu?"

"Ni kiti, mama. Kaa."

Naetwe akampa bakuli la uji, umejaa mpaka ukingoni kama mila ilivyotaka. Nakiete akaanza kujishusha, magoti yakapanda mpaka karibu na masikio, na kiti kikacheza. Uji ukakimbilia ukingo mmoja wa bakuli, ukasita, ukarudi. Nakiete akasimama upesi, bakuli mkononi. Tone halikudondoka.

"Kinacheza," alisema.

"Sakafu nimeisiriba kila siku, mama," Naetwe akasema. "Kila siku napandisha, kila siku kinacheza. Sijui tena."

Nje ya ukuta Senzighe akasema, si na mkwe wake, maana hakuruhusiwa. Akasema na mbuzi.

"Mbuzi wewe, umesikia? Anasiriba kila siku. Na mimi kila siku nachonga miguu."

"Unachonga?" Naetwe akageukia ukuta. "Si ulikuwa unatia nakshi?"

"Nakshi kwenye miguu, mbuzi? Nani anatazama miguu ya kiti? Yeye si alikuwa anapamba?"

Nakiete aliutazama ukuta, akamtazama binti yake, akautazama uji. "Mwambieni huyo mbuzi," alisema, "kwamba nimewaelewa. Mnaishi nyumba moja na hamjatambulishana. Nitasimama na bakuli hili mpaka uji ushike utando. Ukishika utando haunyweki, na usionyweka ni sawa na uliomwagika. Naetwe, funga nguo zako."

Naetwe hakufunga nguo. Hakufanya lolote. Alisimama katikati ya nyumba amechanganyikiwa, akitazama kile kiti na vile vichuguu vyake, asijue apunguze nini wala apandishe nini, maana kila alilolijua lilikuwa limefanyika na kufanyika tena. Macho yakamtembea ovyo, yakatua mekoni. Pale sakafu ilikuwa mbaya kuliko popote, imepasuka kwa moto, imebonyea kwa majivu, hajawahi kuisawazisha hata siku moja. Na juu ya ubaya wote ule chungu cha uji kilikuwa kimekaa. Kimejaa, kizito, na hakichezi. Kilikuwa juu ya mafiga, mawe yake ya kupikia, na hakuna mawe mawili kati ya hayo yaliyokuwa na kimo kimoja.

Akayahesabu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kama wewe usivyohesabu vidole vyako. Matatu.

"Mbuzi," akauambia ukuta, "nipe tezo."

"Mwambieni mbuzi asimpe," Nakiete akasema. "Nywele zitadondoka."

"Zidondoke."

Tezo ikapitishwa chini ya mlango wa uani. Naetwe akakigeuza kiti juu chini, akagonga miguu miwili ya upande mmoja mpaka ikachomoka. Kila pigo alikuwa akingoja kichwa chake kiwe kitupu. Senzighe akawa anamwelekeza mbuzi kwa sauti: chuma kiwekwe motoni, tundu lichomwe katikati ya yale matundu mawili ya zamani, mguu upigwe mpaka usikike umefika. Nyumba ikajaa moshi. Nakiete akakohoa, bakuli likiwa juu kabisa, uji wake ukianza kukunja uso.

Naetwe akakigeuza kiti, akakiweka pale pale palipokuwa na vichuguu. Kiliinama kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani, maana miguu haikuwa sawa hata kidogo. Nakiete akajishusha, akaketi. Akajisukuma kulia. Akajisukuma kushoto. Akajisukuma kwa nguvu isiyokuwa ya lazima.

Hakikucheza.

Akanywa. Alikunywa polepole, hata na utando uliokuwa ndio unaanza, wakimngoja mmoja ndani na mwingine nje. Alipomaliza akalipindua bakuli juu ya kiganja, akaonyesha kiganja kikavu.

"Mwambieni mwenye mbuzi," alisema, "kiti chake ni kifupi."

Nywele za Naetwe zilibaki kichwani pake. Alizishika mpaka jioni kuhakikisha. Na Nakiete alipoondoka, akaondoka peke yake, Senzighe aliingia ndani, akapiga magoti, akatia mikono yote miwili kwenye udongo wa sakafu kusawazisha vile vichuguu. Kisaka alimwona kupitia mlangoni akamcheka, na kesho yake akaja kupima kile kigoda kwa kamba, kwa sababu mkewe alikuwa amechoka kubingirika na gogo.

Na tangu siku hiyo kigoda huku kwetu kina miguu mitatu, na ni kifupi, kwa sababu waliokiiga walikiiga kama kilivyokuwa, magoti masikioni. Tangu siku hiyo pia, kijana akichonga kigoda cha nyumba yake, humpa mkewe tezo apige pigo moja, na mke akisiriba sakafu, mume huacha alama ya kiganja chake nyuma ya mlango. Mmeziona alama hizo. Mlidhani ni watoto.

Nyinyi leo mmenunua meza za miguu minne. Juzi nilikuwa kwa mmoja wenu, simtaji, anajijua. Nikamwona mume anakunja kadibodi anaisukuma chini ya mguu wa meza, kisha anaondoka anajipangusa mikono. Hakufika getini, mke akaja na kifuniko cha soda akakiweka chini ya mguu wa upande wa pili. Chai yangu ikamwagika yote. Wakasimama wote wawili wakaitazama ile meza, wanashangaa.