Siku Waombolezaji Walipokosea Msiba

Nije?
*Njoo!*
Nije na mdomo wangu?
*Njoo nao!*
Na nikimgusa mtu?
*Mguse tu!*

Basi sogeeni. Na wewe uliyeinamia simu, iweke chini, haikimbii.

Hapo kale, si kale ya mababu, kale hii hii ya juzi, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Isengwa. Mji wenyewe ulikuwa na stesheni moja ya reli, kanisa moja, msikiti mmoja na mdomo mmoja. Mdomo huo ulikuwa wa Bibi Kalunde.

Bibi Kalunde aliuza matobolwa pale stesheni, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa. Treni ikisimama, wenzake waliita, "Karibu kaka, karibu dada." Yeye alisema, "Wewe mwenye tai, nunua ule. Umekonda mpaka tai inakuzidi uzito." Na mwenye tai alinunua.

Alitukana mji mzima, na mji mzima ulimpenda. Hamwamini? Mke wa fundi baiskeli alipojifungua mapacha, nani alimkanda kwa maji ya moto siku arobaini? Kalunde, huku akimwita mvivu. Watoto walipoiba mapera yake, aliwakimbiza mpaka relini, akawakamata, akawarudisha nyumbani, akawalisha ugali na mlenda, ndipo akawachapa.

"Sichapi mtoto mwenye njaa," alisema. "Akianguka nitasingiziwa mimi."

Aliishi na mjukuu wake, Milembe, msichana wa miaka kumi na sita aliyeachwa na mama yake angali mdogo. Kwao bibi na mjukuu ni watani. Waliitana mke mwenza.

"Mke mwenzangu, hii ni chai au umesuuza vikombe?"

"Ni chai, mke mwenzangu. Ni hayo meno yako mawili yamesahau ladha."

Walicheka mpaka kuku wakatoka nje.

Siku moja Bibi akaugua. Milembe akampigia simu Mjomba Kapela, mtoto wa kwanza wa Bibi, aliyekuwa mkubwa fulani huko jijini.

"Niko kwenye kikao," akasema Kapela.

Akampigia Mama Mkubwa Getruda.

"Nitakuja mvua ikikata," akasema Getruda. Ulikuwa mwezi wa nane, jamani. Mwezi wa nane! Mvua gani?

Akamwendea Bwana Lusangija, mwenyekiti wa mtaa, aliyepita mlangoni kila asubuhi na mwavuli wake.

"Nitapita," akasema Lusangija. Na kweli, alipita. Kila asubuhi alipita.

Bibi akamshika Milembe mkono. "Mke mwenzangu, hawa watakuja nikishakufa. Nawajua, wengine nimewazaa. Watanivisha upole, watanipaka asali, wamzike mwanamke mwingine kwa jina langu. Usikubali."

"Sikubali," akasema Milembe.

Baada ya siku tatu, Bibi akafa.

Loo, walivyokuja! Mvua ikakata. Kikao kikaisha. Mwavuli ukajua kukunja kona. Lilisimamishwa turubai jeupe, likaja jenereta, vikaja vipaza sauti viwili vikubwa kama makabati. Ndugu wa jijini walivaa fulana zenye picha ya marehemu. Kwenye picha Bibi alikuwa anatabasamu, na meno yote yalikuwa kinywani. Milembe aliitazama picha ile, akajiuliza ni nani. Getruda alilia akielekea upande wa mpiga picha, mpiga picha akihama naye anahama.

Saa nane mchana, Bwana Lusangija akasimama na karatasi tatu zilizopigwa chapa. Akakohoa kwenye kipaza sauti. Akasoma wasifu.

"Marehemu alikuwa mtu mpole."

Watu wakatazamana.

"Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na maji.

"Marehemu, katika maisha yake yote, hakuwahi kugombana na mtu."

Hapo ndipo Mzee Njile akasimama. Mzee Njile alikuwa mpiga kengele wa stesheni, na kwa miaka thelathini Bibi alimtukana kila treni ilipochelewa. Akachukua kofia yake, akainama kwa adabu.

"Samahanini, wafiwa. Poleni sana. Nimekosea msiba. Mimi nilikuwa naenda kwa Kalunde."

Akaondoka.

Mke wa fundi baiskeli akanong'ona, "Hata mimi naona siye." Akabeba pacha mmoja, akavuta mwingine, akaondoka. Akafuata muuza karanga. Wakafuata wanawake wa stesheni, mmoja mmoja, wakikung'uta khanga zao. Na waliobaki walibaki na macho makavu. Unamliliaje mtu usiyemjua?

Milembe alikuwa amesimama mlangoni. Akaona viti vinabaki vitupu. Akaona Bibi yake, aliyependwa na mji mzima, anakaribia kuzikwa na watu wa jijini na fulana zao. Tena si Bibi. Ni yule wa kwenye picha.

Akaingia ndani. Akavaa gauni la Bibi. Akafunga khanga kwapani, ile ya kijani. Akachukua fimbo. Akatoka akiyumbisha nyonga ya kushoto, akiburuta kandambili, kwa mwendo ambao Isengwa nzima iliujua.

"We Lusangija!"

Lusangija akaangusha ukurasa wa pili.

"Ati sikugombana na mtu? Na lile bomba la mtaa ulilolifungia ndani ya ua wako, lilitoka kwa maombi? Nilikaa getini kwako na ndoo siku tatu, naimba jina lako mpaka mbwa wako wakalijua! Siku ya nne bomba likahamia barabarani. Mbona hilo hulisomi? Au liko kwenye ukurasa ulioanguka?"

Kicheko kikapasuka chini ya turubai.

"Na wewe, Getruda, geuka nikuone. Geuka na huku pia. Haya. Mvua imekata?"

Watu wakashika mbavu.

Mjomba Kapela akasimama, shingo imemtoka mishipa. "Mtoeni huyu mtoto! Anatuaibisha mbele ya wageni!"

"Hatolewi!" ikaita sauti kutoka barabarani. Alikuwa Mzee Njile, anarudi mbio, kofia mkononi, na wanawake wa stesheni nyuma yake. "Nimemsikia Kalunde nikiwa relini. Kapela, umekaa jijini mpaka umesahau? Mjukuu ni mtani. Mtani msibani husema atakalo, huvaa atakacho, na hakuna wa kumgusa. Anayemkasirikia mtani mbele ya jeneza, huyo ndiye hutolewa."

Kapela akakaa. Atafanya nini?

"Umerudi, Njile?" akasema Milembe kwa sauti ile ile ya kukwaruza. "Mlevi mkubwa wewe, umekula? Hujala. Mpeni chakula huyu, asije akaniangukia kaburini."

Mzee Njile akafungua mdomo ajibu, kama alivyojibu miaka thelathini. Akajifunika uso kwa kofia, akalia kama mtoto. Mke wa fundi baiskeli akalia. Stesheni nzima ikalia. Kilio kile hakikuhitaji kipaza sauti.

Wakanyanyua jeneza. Mabega yalikuwa mengi mpaka watu wakasukumana.

Lakini walipofika makaburini, wakamkuta Milembe amewatangulia. Ameketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia ndani, fimbo imelala mapajani.

"Sizikwi," akasema.

"Milembe, mwanangu, basi sasa," akaomba Getruda.

"Sizikwi. Kwanza Kapela aniambie anamzika nani."

Jua lilikuwa kali. Kapela akatazama viatu vyake vinavyong'aa. Akatazama jeneza. Akajaribu mara ya kwanza: "Namzika mama yangu mpendwa..."

"Simjui huyo."

Akajaribu mara ya pili: "Namzika mwanamke mnyenyekevu..."

"Kamtafute, umzike huko huko ulikompata."

Mara ya tatu Kapela akalisogelea jeneza. Kisha akasema polepole, si kwa sauti ya vikao.

"Namzika Kalunde. Siku moja nilisahau chakula nyumbani. Akatembea mpaka shuleni, mwendo wa saa mbili, kapu kichwani, kandambili zimekatika. Akaniita bwege mbele ya darasa zima. Wenzangu wakacheka. Nikasema simjui, ni mtumishi wetu. Akasikia." Akaweka kiganja juu ya jeneza. "Akanipa kile chakula. Akasema, 'Kula, bwege, kinapoa.' Tangu siku ile sijui namna ya kumtazama."

Hakuna aliyecheka.

Milembe alitaka kumjibu kama Bibi, lakini machozi yakamtangulia. Hakujua tena ni yeye anayelia au ni Bibi. Akasogea, akaacha njia.

Kapela akapiga goti kwenye vumbi, suruali yake ya jijini ikageuka rangi.

"Nimekuja, mama," akasema.

Milembe akajifuta pua kwa upindo wa khanga. Akanyanyuka, akanyoosha nyonga ile ya kushoto.

"Umechelewa," akasema. "Shika chepe."

Na Kapela akashika chepe. Akafukia mpaka malengelenge yakamtoka viganjani, na kila aliyetaka kumpokea alikatazwa kwa fimbo.

Ngano imechoka, nimeilaza.
*Ilale!*
Aliyecheka?
*Aende zake!*
Aliyelia?
*Aende zake!*
Na wewe uliyekuwa unajikuna kichwa muda wote?
*Tumekuona!*