Hodi ya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, nyota zilipokuwa bado hazijajifunza kutulia kwao, wanyama wa bonde moja walikuwa na bwawa moja tu la maji matamu. Tegeni masikio, maana hadithi hii hunipandisha hasira kila nikiisimulia, na leo sitaificha.

Siku moja, vuuuu! Kitu kama chungu kikubwa kilishuka kutoka mbinguni kikatua kando ya bwawa, tii! Wakatoka watu wa nyotani, warefu, wembamba, macho matatu matatu, na lugha yao ni kugonga ulimi tu: tk-tk-tk.

Wanyama wote walitimua mbio. Aliyebaki ni Mama Pimbi, kwa sababu watoto wake walikuwa wachanga, hawawezi kukimbia. Akakaa juu ya mwamba wake akiwasikiliza wageni wale mpaka akaielewa lugha yao. Basi wakubwa waliporudi wakamfanya mjumbe na mkalimani. Shukrani? Hakupewa hata jani.

Mwenye bwawa alikuwa Mzee Kiboko, na mnajua mdomo wa kiboko ulivyo. Wageni walipokuja kusalimu, Mama Pimbi akawabishia hodi. Mzee akaufungua mdomo wote.

“Karibuni! Karibuni sana! Msione haya, hapa ni kwenu!”

Mama Pimbi akatafsiri neno kwa neno. Mkuu wa wageni, jina lake Tiritiki, akapepesa macho yote matatu.

“Kwetu? Amesema kwetu?”

“Ndivyo alivyosema.”

Kesho yake Mzee Kiboko alitoka kwenda kula majani. Kurudi, lo! Wageni wamezungusha ukuta wa mwanga bwawa zima. Akausogelea, akaugusa kwa pua. Tsss!

“Mama yangu weee! Pimbi! Waambie watoke kwangu!”

Mama Pimbi akawaambia. Tiritiki alishangaa kweli.

“Kwake? Si ametupa mwenyewe? Kwetu sisi, neno likishatoka mdomoni halirudi. Anayelirudisha ni mwizi.”

“Ilikuwa adabu tu!” akanguruma Mzee Kiboko. “Kila mtu husema hivyo! Nani asiyejua?”

“Wao hawajui, mzee.”

“Basi kosa ni lako wewe mkalimani!”

Hee! Mnasikia hayo? Mdomo wake, kosa la mwenzake! Mama Pimbi alihisi damu inamchemka mpaka masikioni, lakini akageuka akarudi kwa wanawe.

Simba akaja akitunisha kifua. “Maneno ya nini? Nawararua sasa hivi!” Akaruka. Tsss! Puu! Akaanguka chali, manyoya ya shingo yanafuka moshi. Akajikusanya akaenda zake bila kuaga mtu.

Jua likawaka. Ngozi ya Mzee Kiboko ikaanza kupasuka. Watoto wa Mama Pimbi wakawa wanalamba mawe asubuhi wapate umande, na yule mdogo kabisa akaacha hata kulia. Mama alimtazama, na hasira yake, badala ya kupiga kelele, ikaanza kufikiri.

Akaenda mpaka ukutani.

“Mkuu Tiritiki, wanyama wanakucheka. Wanasema hapa si kwako.”

“Wanacheka nini? Neno tulipewa!”

“Mlipewa, ndiyo. Ila huku kwetu mwenye nyumba hujulikana kwa jambo moja. Mtu akibisha hodi, yeye ndiye huitika. Asiyejua kuitika, nyumba si yake.”

“Huitikaje?”

“Si Mzee Kiboko aliwaitikia ninyi? Au mmesahau?”

“Sisi hatusahau neno hata moja!” akasema Tiritiki kwa majivuno. “Waambie waje wabishe hodi.”

Mama Pimbi akashuka mbio kwa Mzee Kiboko.

“Mzee, njoo ubishe hodi.”

“Mimi? Nibishe hodi kwangu? Mimi, Kiboko? We pimbi una wazimu!”

Hapo Mama Pimbi akalipuka. “Nyamaza! Mdomo huo ndio uliotuponza! Wanangu wanalamba mawe! Ulitoa bwawa kwa kujionyesha ukarimu, ukanitupia mimi lawama, na sasa unaona aibu kusema neno moja dogo? Kama hutaki, kaa hapa upasuke, nitabisha mwenyewe!”

Hakuna aliyewahi kumfokea Mzee Kiboko. Akafumba mdomo. Akainuka, akaenda, na wanyama wote nyuma yake.

“Hodi!” akaita, sauti imekauka.

Wageni wote walijipanga nyuma ya mkuu wao. Tiritiki akanyoosha shingo, akaitika kwa lugha yake mwenyewe, watu wake wote wakisikia, bila kuacha neno: “Karibuni! Karibuni sana! Msione haya, hapa ni kwenu!”

“Kwetu!” akapiga ukelele Mama Pimbi. “Amesema hapa ni kwetu! Mmesikia?”

“Tumesikiaaa!” wakaitikia wanyama.

Tiritiki alishtuka. “Aa, ngoja! Hiyo ilikuwa adabu tu!”

“Ndivyo alivyosema Mzee Kiboko. Na anayerudisha neno mlisema ni nani?”

Watu wa Tiritiki wakamgeukia, macho yote yamemkodolea. Akagonga ulimi kwa ghadhabu.

“Umenihadaa, mjumbe!”

“Nimekuhadaa, ndiyo. Una neno jingine?”

Tiritiki akainua mkono, ukuta ukazimika, pfff! Wanyama wakajitosa majini, chubwi! chubwi! Mama Pimbi akawanywesha wanawe, akianza na yule mdogo, mpaka akasikia analia tena kwa sauti.

Mzee Kiboko akaibuka katikati ya bwawa, maji yanamchuruzika, na ukubwa umemrudia. Akawaona wageni wamesimama kando, vyungu vyao mikononi, wakiyatazama maji. Akafungua mdomo.

“Pimbi! Waambie hawa jamaa wasijali, sisi sote ni ndugu, chetu ni chao, na—”

“Sitafsiri hayo,” akasema Mama Pimbi.

“Unasemaje?”

“Nimechoka kubeba uongo wako, mzee. Sema unachokitaka hasa. Nitangoja.”

Mzee Kiboko akatafuta maneno, akayakosa, akatafuta tena. Mwishowe akasema taratibu, “Wanywe. Wajaze vyungu vyao. Kisha waende.”

“Haya,” akasema Mama Pimbi, akawageukia wageni. “Hayo nitayatafsiri.”

Usimkaribishe mtu kwa mdomo kwenye kitu ulichomnyima moyoni.